Shubiri Moja Juu ya Kitako cha Pipa

Nanyala, Mbozi
12 Mei 2024

Mwanangu Atupele,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna msiba. Mimi mzima, ng'ombe mzima, mashine ya kusaga nzima, na baba yako mdogo Hezron mzima kupita kiasi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu ya simu. Unajua simu ya hapa anaishika Hezron tangu baba yako afariki, na anaiweka sauti kubwa, kila aliyepanga foleni na mahindi yake anasikia. Juzi ulipopiga ukasema tumbo linakusumbua, kabla ya jioni wateja wanne walishaniletea majani ya kuchemsha. Mambo ya mama na mtoto hayawezi kusemwa mbele ya foleni. Karatasi haina sauti. Na nikitaka kukusikia tena nakusoma tena. Nimeishia darasa la nne, herufi zangu ni kubwa kama za mabango, utanivumilia.

Anayekuletea hii ni Twaibu, dereva wa lori la saruji. Kila wiki anapita hapa akienda bandari ya Kasanga, anasimama kula, nami nimemwambia ugali wa kwangu una masharti, ni wa kubeba barua.

Sasa niambie. Unavaa lile koti la kuelea? Unalivaa na kulifunga, au unalining'iniza tu begani? Sisi ni watu wa mlimani, mwanangu. Maji makubwa niliyoyaona mimi ni ya mtaro wa barabara kuu masika. Nikifikiria wewe juu ya Ziwa Tanganyika, miguu yangu yenyewe inashika sakafu.

Lakini nisikudanganye, najivuna. Jumapili kwenye kikundi cha akina mama nilisema mwanangu ni fundi wa injini kwenye boti ya zahanati, boti ya tanga, inayopeleka manesi vijiji visivyo na barabara. Mama Osward akauliza, "Humo ndani anapika?" Nikamwambia, "Anapika dizeli." Walicheka mpaka mwinjilisti akachungulia.

Uliniambia kwenye simu kwamba injini ya boti ni ya zamani na pampu yake inalia. Basi nikukumbushe dawa ya mashine yetu. Dizeli ya siku hizi imesafishwa mno, imekuwa kavu, haina ule ulaini wa kulainisha pampu. Injini za zamani hazikuizoea. Sisi tunachanganya oili kidogo ndani ya dizeli: chupa moja ya soda ya oili kwa madebe matatu ya dizeli. Si zaidi. Pampu inanyamaza. Ni dawa ya baba yako, miaka mingi sasa.

Kula vizuri.

Mama yako,
Mama Atupele


Kasanga
26 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji na alama ya kidole cha mafuta, nikajua Twaibu alikula kwanza. Nimeisoma mara tatu. Tumbo limepona, waambie foleni.

Koti navaa na nafunga. Nahodha hamruhusu mtu kukanyaga boti bila koti, hata kama boti imefungwa kwenye nguzo. Nahodha wetu ni mzee Makame, mtu wa Pemba, alikuja ziwani zamani akasahau kurudi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu akasema, "Mnyiha na maji wapi na wapi? Umekuja kulima kahawa humu?" Nikamwambia, "Nimekuja kusikiliza injini yako, maana naisikia ikilia toka stendi." Akanipisha. Kesho yake akanigawia samaki.

Boti inaitwa Faraja. Ina matanga mawili, na safari nyingi inakwenda kwa upepo. Injini ni ya kuingilia na kutokea bandarini, na upepo ukikata. Lakini pale pa kuingilia ndipo penye miamba, kwa hiyo injini ikikataa inakataa mahali pabaya. Ni ya silinda mbili, imenizidi umri. Chumba chake ni kidogo, naingia kwa magoti, spana mdomoni.

Nilimwambia mzee Makame habari ya dawa ya baba. Akasema, "Oili inakaa chini kwenye injini, dizeli inakaa kwenye tangi, kila mmoja na nyumba yake. Wewe unataka kuwaozesha?" Nikamwambia baba yangu, fundi Luka wa Nanyala, aliendesha mashine ya kusaga miaka mingi kwa dawa hiyo hiyo. Akasema sawa, weka, lakini ni kwa jina la baba yako.

Mama, nakuuliza, baba alitumia oili gani? Mpya au iliyotoka kwenye injini? Nataka nifanye kama yeye.

Na jambo moja ambalo sikulisema kwenye simu. Hapa nimewekwa kwa majaribio. Mwisho wa Julai anakuja fundi mkuu kutoka Sumbawanga, anaitwa mzee Sebastian. Akiona injini haitunziki, wataing'oa na kuweka mpya, na mpya inakuja na fundi wake. Mimi nitarudi nyumbani. Nataka sana kubaki, mama. Hapa kuna akina mama wanasubiri boti hii na watoto mgongoni, wakiiona wanapunga kanga.

Mwanao,
Atupele


Nanyala
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kwa nini hukuniambia mapema kwamba ni majaribio? Najua, ni kwa sababu ningekosa usingizi. Na kweli nimekosa.

Oili ni MPYA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata Makame aione. Iliyotoka kwenye injini ina masizi na chembe za chuma, itaziba vitundu vyote vya nozeli. Mpya, ya kwenye kopo lililofungwa. Koroga na dizeli kwenye ndoo safi kabla ya kumimina. Usikadirie kwa macho, tumia chupa. Chupa ya soda, ile ya glasi, ijae mpaka shingoni.

Huku mahindi yamekauka, foleni inaanza alfajiri. Hezron anakaa kwenye kigoda cha marehemu baba yako, spana mfukoni, anawaambia watu yeye ndiye anayeisikiliza mashine sasa. Jana aliisikiliza ikiwa imezimwa. Mimi namwacha.

Nguzo za banda la ng'ombe nimezipaka tena yale mabaki meusi ya pipa, mchwa walishaanza. Nikakukumbuka ulivyokuwa mdogo unaziba pua, unauliza, "Mama, kwa nini unapaka nguzo uchafu?"

Hiyo ya kumwambia Makame kwamba ni kwa jina la baba yako imenikaa moyoni. Baba yako alikuwa mtu mzuri sana, mwanangu. Hilo ndilo la kumwambia mtu.

Nimekufungia karanga na mfuko wa unga. Unga ni wa mashine yetu, unuse.

Mama Atupele


Kasanga
16 Juni 2024

Mama!

Imenyamaza! Niliweka Jumatatu, chupa ya soda kwa madebe matatu kama ulivyosema, nikakoroga, nikatoa upepo kwenye pampu, nikawasha. Ililia kidogo kama mtoto anayegoma kuoga, halafu ikatulia. Mzee Makame aliinama kwenye tundu, sikio kwanza. Akasema, "Umeiua?" Nikamwambia, "Inafanya kazi, nahodha, iguse." Akaigusa. Siku nzima alizunguka bandarini akiwaambia wavuvi kwamba ana injini inayokoroma kama paka.

Nesi Nuria, ambaye nalala naye chumba kimoja, alinikumbatia. Anasema miaka miwili hajawahi kuingia kijiji chochote bila kusali.

Kesho kutwa tunakwenda vijiji vya mbali, siku nane. Tumejaza tangi mpaka juu, dizeli imeletwa na madumu moja kwa moja toka kwenye gari.

Baba angekuwepo ningempigia simu, hata na foleni yote isikie.

Mwanao mwenye mikono michafu,
Atupele


Kasanga
27 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nianze na la muhimu, hakuna aliyeumia.

Siku ya tatu ziwa lilichafuka. Tulikuwa tunaingia kwenye kijiji kimoja chenye miamba pande zote mbili, Nuria amekumbatia sanduku la chanjo. Injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikazima. Niliwasha mara nne ikakataa. Mzee Makame alirukia kamba akapandisha tanga la mbele na kutugeuza. Tulipita mwamba nikiuona kama ninavyoiona karatasi hii. Tukarudi Kasanga kwa upepo, siku mbili, chanjo ikaharibika. Akina mama tuliwaona ufukweni wakipunga kanga, kisha wakaacha kupunga.

Makame anasema ni oili. Kila mtu anasema ni oili. Na ndicho kitu pekee nilichobadilisha. Wamempigia mzee Sebastian, anakuja tarehe tisa Julai, hasubiri tena mwisho wa mwezi.

Na kuna hili, mama. Waliponipa simu niongee naye, aliuliza nani alinifundisha kuweka oili kwenye dizeli. Nikasema baba yangu, fundi Luka wa Nanyala. Akasema, "Luka wa mashine ya kusaga? Mashine hiyo nilimfungia mimi. Binti, yule bwana hakujua hata kutoa upepo kwenye pampu."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mtu mzima simu. Nililia kwenye chumba cha injini ambako hakuna anayeweza kuingia.

Mama, niambie ukweli. Alijua au hakujua?

Atupele


Nanyala
30 Juni 2024, Jumapili

Mwanangu,

Twaibu yuko barabarani, lori linaunguruma, nimeacha ibada. Naandika haraka, shika haya kwanza.

Usioshe tangi. Usimwage kitu. Chukua mpira mwembamba, uushushe mpaka CHINI KABISA ya tangi, uvute dizeli ya huko chini, uijaze kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Iweke mahali pasipotikisika, usiiguse mpaka kesho yake. Kisha itazame dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini. Katikati ukiona uteute mweusi unaovutika kama bamia, hiyo ndiyo iliyozima injini yako, siyo oili.

Uliandika kwamba dizeli ilitoka kwenye madumu moja kwa moja mkaitia kwenye tangi. Niliposoma hapo wiki iliyopita sikuona kitu. Leo nimesoma tena nikajipiga paji la uso. Ni kosa langu. Nilikupa nusu ya dawa.

Hapa nyumbani dizeli ikifika haiguswi siku tatu. Inakaa kwenye pipa, inatulia, maji na uchafu vinashuka. Na mpira wa kunyonyea umefungwa kwenye mti wenye alama, unaishia shubiri moja juu ya kitako cha pipa. Shubiri ile ya chini hatuinyonyi kamwe. Ndiyo ile nyeusi ninayopaka nguzo za banda. Ni jambo ninalolifanya kila wiki kama kufagia, sikujua kama ni la kumwambia mtu. Nani anamfundisha mtu kufagia?

Na mashine yetu imesimama kwenye zege tangu siku ya kwanza, haijawahi kusogea hata kidole. Boti yako inachezacheza. Mawimbi yaliyaamsha yote yaliyolala chini ya tangi kwa miaka, nawe ukainywesha injini. Sikulifikiria hilo. Mimi ni mtu wa zege.

Twaibu anapiga honi. Ngoja.

Amezima. Tairi la nyuma limekwisha upepo, wanaliinua kwa jeki. Mungu ananiambia nimalize.

Basi nikujibu, Atu. Fundi Sebastian hakumtukana baba yako. Amesema kweli.

Sebastian alifunga mashine mwaka uliozaliwa. Nilikuwa na wewe mgongoni. Alimweleza baba yako kila kitu, pampu, nozeli, chujio, mkanda, nami nilisimama mlangoni nikishika taa. Baba yako aliitikia, "Ndiyo, fundi, ndiyo, fundi." Mwezi haujaisha mkanda ukamchukua vidole. Wewe ulikua unaviona vile vidole viwili vifupi, naye akikwambia alisalimiana na mashine. Tangu siku ile hakuweza kuikaribia ikiwa inazunguka. Alikuwa anatoka jasho, mwanangu, mwanaume mzima na shati limelowa, anajifanya anakwenda kuangalia ng'ombe.

Na mashine ndiyo ilikuwa maisha yetu. Mteja akijua mwenye mashine anaiogopa, atakwenda kwingine. Akijua mke wake ndiye anayeiwasha, miaka ile, hapa petu, wangemcheka mpaka kwenye kilabu cha pombe. Kwa hiyo nilikuwa naamka kabla ya watu, natoa upepo, nasafisha chujio, nawasha, nanawa mikono kwa majivu. Wakija wananikuta nafagia uwanja, naye yuko kwenye kigoda, spana mfukoni kama kalamu ya mwalimu, anawapokea kwa yale maneno yake matamu. Watu walipenda kusaga kwetu kwa sababu yake, hilo usilisahau. Mimi nilikuwa naijua injini, yeye alikuwa anawajua watu.

Oili niliigundua mwaka uliomaliza darasa la saba. Dizeli ilibadilika, pampu ikaanza kulia. Sauti ile niliijua. Kwetu Itumba mama yangu alikuwa na cherehani, ikikauka inalia vile vile, anadondosha oili tone moja. Nikajaribu, kidogo kwanza, nikaongeza, nikapunguza, mpaka nikafika kwenye chupa ya soda. Baba yako ndiye aliyeiita "dawa ya Luka" mbele ya wateja, akanikonyeza. Jioni ile alinichinjia jogoo. Mimi na yeye tulicheka sana.

Sikukwambia ulipokwenda kusoma ufundi. Ulikuwa unasema kwa watu, "Nimerithi kwa baba," nami niliona uso wako, nikasema sina haja ya kumpunguzia marehemu heshima. Lakini sasa jina lake linabebeshwa kosa ambalo hata si lake. Si haki.

Usiku wa kuamkia leo nilifikiri labda miaka yote nilikuwa naiharibu mashine nami sijui. Kwa hiyo alfajiri nimefungua pampu na nozeli zetu, nikazikagua moja moja kwenye mwanga. Zinang'aa. Nimechelewa ibada kwa ajili hiyo, na mikono haikutakata vizuri, ndiyo alama unazoziona hapa pembeni.

Mwambie Sebastian yote. Mwambie ni mimi.

Tairi limepanda. Funga koti.

Mama yako


Kasanga
11 Julai 2024

Mama, mama, mama,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye chupa.

Niliivuta dizeli ya chini kama ulivyosema, nikaiweka kwenye rafu chumbani kwetu. Nuria aliipitia mbali, akasema afadhali mkojo anaoupima yeye hospitalini. Kesho yake nikaiinua dirishani. Maji vidole viwili. Juu yake ule uteute, mweusi, unavutika kweli kama bamia. Juu kabisa dizeli, safi, na oili imo humo imechanganyika, haina ugomvi na mtu. Nikaipeleka kwa mzee Makame. Akaigeuza, akainusa. Akasema, "Hiki nilikuwa nakibeba mimi miaka yote." Kisha akasema, "Mnyiha, nisamehe." Nilitamani uwepo.

Tulitoa dizeli yote. Niliingia mkono mpaka begani nikasugua tangi siku mbili. Chini kulikuwa na tope la kujaza nusu ndoo. Bomba la kunyonyea lilikuwa limegusa kitako. Nimelikata na kulifunga upya, linaishia shubiri moja juu. Nimepima kwa shubiri yangu, ambayo nadhani ni sawa na yako. Dizeli mpya ikakaa ufukweni kwenye pipa siku tatu, Makame amekaa juu ya mfuniko kama kuku anayeatamia, mtu asiiguse. Nikaweka oili, chupa ya soda.

Mzee Sebastian akafika tarehe tisa. Mfupi, mvi tupu, mkoba wa spana umechakaa kuliko mimi. Nikampa chupa, nikamwambia yote. Yote, mama. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mama yako alikuwa ameshika taa mlangoni?" Nikasema ndiyo. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Yule! Mwenye mtoto mgongoni! Nilipomaliza kueleza, mwanaume akasema asante fundi. Yule mwanamke akaniuliza, hiyo dizeli inayorudi toka kwenye nozeli inakwenda wapi? Nilifunga mashine thelathini mkoa ule, ni yeye peke yake aliyeniuliza. Nikasema moyoni, taa hii imeshikwa na mtu ambaye kazi yake si kushika taa."

Kisha akasema twende majini. Ziwa lilikuwa baya, Makame akasema kesho. Sebastian akasema, "Leo, ndiyo siku ninayoitaka." Tulipofika kati akamwambia Makame aiweke boti ubavu kwa mawimbi, makusudi. Tulitikiswa kama mahindi kwenye ungo. Nusu saa. Mimi niko chini na magoti yangu, mkono juu ya pampu. Haikukohoa hata mara moja. Sebastian alitapika, mama, fundi mkuu, lakini aliinua kidole gumba juu huku akitapika.

Jioni aliandika karatasi. Injini inabaki. Nami nabaki, fundi wa boti Faraja, majaribio yameisha.

Ana marekebisho mawili kwako, kama utayakubali. Anasema oili ya injini inafaa, lakini ile ya tu-stroki, inayochanganywa na petroli ya injini ndogo, inaungua safi zaidi, masizi kidogo, ujaribu kipimo kile kile. Na ameniwekea chujio lenye kikombe cha kioo chini, maji yanaonekana kwa macho kabla hayajafika kwenye pampu. Anasema wewe hulihitaji, kwa sababu una pipa na una subira.

Kuhusu baba. Nilikasirika siku moja nzima, sitaficha. Halafu nikakumbuka alivyokuwa akinipa ile spana niishike, anasema, "Shika vizuri, usiiogope." Nilidhani anajisifu. Kumbe alikuwa ananipa kile alichokosa.

Ila nawe, mama, miaka yote mimi nikisema nimerithi kwa baba, wewe unafagia uwanja!

Twaibu amekubali kubeba samaki wakavu. Nimemwambia nao wana masharti.

Binti yako, fundi mtoto wa fundi,
Atupele


Nanyala
21 Julai 2024

Mwanangu Atupele,

Samaki wamefika pungufu wawili. Twaibu anasema ni ushuru.

Barua yako niliisomea bandani kwa ng'ombe, maana machozi ya furaha nayo yana aibu yake. Kasoro moja tu: uliingiza mkono kwenye tangi mpaka begani. Uliosha na nini? Dizeli inakula ngozi. Paka mafuta ya nazi.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa mpaka kwa Mama Osward. Nilikuwa nafagia. Simu ikalia, Hezron akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake, akakaa sawasawa kwenye kigoda. Sauti ya mzee ikasema, "Naitwa Sebastian, niko Sumbawanga. Nataka kuongea na fundi wa mashine hapo." Hezron akasafisha koo akasema, "Pole sana mzee, fundi ni marehemu kaka yangu, alishatutoka. Mimi ndiye niliyeshika nafasi." Mzee akasema, "Huyo apumzike kwa amani. Nataka aliye hai. Anaitwa Enesi."

Atu, foleni yote iliinua vichwa. Hata ile mashine niliisikia, ambayo mchana humezwa na kelele za watu. Mama mmoja wa Msangano, mgeni, akauliza, "Enesi ni nani?" Mimi mwenyewe ilinichukua muda, ni miaka mingi naitwa mama yako.

Nikaweka ufagio chini. Hezron akanipa simu kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka. Nilitaka kutoa ile sauti kubwa, nikatafuta pa kubonyeza nisipaone, nikasema basi, wasikie. Akaniuliza pampu inasemaje. Nikamweleza. Akaniuliza oili ya tu-stroki nimejaribu. Nikasema nimepata Tunduma, nimeitia Jumanne, moshi umepungua, lakini nataka wiki mbili kabla ya kuisifia. Akacheka sana. Akasema kuna mashine tatu Ileje zinamsumbua, na kwa umri wake milima ile hawezi tena, je, ningeweza kwenda kuzisikiliza. Huko ndiko kwetu, mwanangu. Nitakwenda kwa wazazi wangu nikiwa na spana.

Nilipomrudishia Hezron simu, Mama Osward akasema kwa sauti, "Kumbe na wewe unapika dizeli!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha mzee mmoja wa nyuma kwenye foleni akasema taratibu, "Sisi wengine tulijua. Mke wa Luka ananukia dizeli toka zamani. Tulikuwa tunamheshimu Luka, ndiyo maana tulinyamaza." Hapo nililia mbele ya watu. Nilidhani tulikuwa tunawaficha, kumbe walikuwa wanatutunzia.

Jioni nilikwenda kaburini kwa baba yako. Nikamwambia yote, na kwamba hajapungua. Nimemwachia Hezron kigoda, anakipenda. Ila spana nimeichukua. Hakubisha. Leo asubuhi kaniuliza polepole, shemeji, upepo unatolewaje? Nimemwambia aje kesho mapema, aanze na kushika taa.

Wewe endelea. Ukiingia kwenye ile miamba na injini ikikoroma, na akina mama wakapunga kanga, wapungie na kwa ajili yangu. Mimi ziwa silijui, lakini najua sasa kwamba shubiri yangu imo ndani yake.

Koti ulifunge.

Mama yako,
Enesi, fundi wa mashine, Nanyala